Mtoto wa marehemu kaka ananishinda: nimpeleke bweni au nibaki naye?

BARUA

Dada mshauri, habari za kazi. Nasoma safu yako siku nyingi, ila sikudhani kuna siku nami nitakuandikia. Nina miaka 41, naishi Morogoro, nina duka la vifaa vya ujenzi: saruji, nondo, mabati, misumari, vitu hivyo. Nina mke na mabinti wawili, mmoja ana miaka saba na mwingine mitatu. Tunaishi pia na mtoto wa kiume wa marehemu kaka yangu. Ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Nimemlea tangu akiwa na miaka tisa, kaka alipofariki kwa ajali ya gari. Mama yake ameolewa tena huko Tunduma, hupiga simu sikukuu hadi sikukuu.

Mtoto huyu ukimtuma vitu vitatu analeta kimoja, tena kile ambacho hukukitaja. Daftari zake zote zina kurasa mbili tatu zilizoandikwa, zilizobaki ni picha za pikipiki. Juzi nilimpa karatasi ya LUKU yenye zile namba 20 aingize kwenye mita. Nilikuwa nimesimama mlangoni namtazama. Anasoma kwenye karatasi, akigeuza macho kwenye mita namba zimeshampotea, anarudi kwenye karatasi, anaanzia kwingine. Mita ikakataa. Akarudia, ikakataa. Mara ya tatu akaipiga ngumi, akatoka nje, hakurudi hadi saa nne usiku. Tukalala giza. Mtoto wa miaka 15, dada! Asubuhi yake binti yangu wa miaka saba aliziingiza zote, nikiwa pembeni namsomea.

Lakini mtoto huyohuyo anakaa kwa fundi pikipiki mtaa wa pili mchana kutwa. Anafungua kabureta, anaisafisha, anairudisha, hakuna skrubu inayobaki. Ndiyo maana mimi husema huyu akitaka anaweza.

Ingekuwa kusahau tu nisingekuandikia. Amepigana shuleni, amevunja kioo cha ofisi ya walimu kwa jiwe, anatoroka vipindi. Mwezi wa tano alichukua shilingi 180,000 kwenye droo ya dukani, mchana kweupe, mimi nikiwa nyuma nahesabu nondo na mteja. Alinunua raba, nyingine akawanunulia wenzake chipsi na soda. Nilipomuuliza hakukana. Alilia, akasema, "Baba mdogo, hata mimi sijui kwa nini." Haikupita muda akachukua tena. Nimemchapa, shule nayo imemchapa, hadi kuna siku alirudi hawezi kukaa kwenye kiti. Na sheria za nyumba anazijua. Muulize, atakutajia kosa na adhabu yake neno kwa neno kabla hujafungua mdomo.

Ndugu kila mmoja ana lake. Shangazi zake wanasema ana jini, na walishampeleka kuombewa na kwingineko. Mama mkwe anasema ni damu ya upande wa mama. Nikimwadhibu, namtesa yatima. Nikimwacha, nimemharibu kwa kuwa sikumzaa mimi. Mwaka huu nesi mmoja, mteja wangu, alinishauri nimpeleke hospitali kubwa Dar. Daktari alikaa nasi muda mrefu, akauliza mengi, hata ile malaria ya degedege aliyougua akiwa na miaka minne hadi akapoteza fahamu. Akasema mtoto ana ADHD, yaani tatizo la umakini na kutotulia, pamoja na tatizo la mwenendo, na kwamba uwezo wa ubongo wake wa kujisimamia uko nyuma ya umri wake. Akaandika dawa ya methilifenideti. Sijainunua. Duka la kwanza hawana, la pili bei ilinitisha, na mfamasia akaniambia ni dawa inayodhibitiwa. Nikajiuliza, hapa namtibu au namwingiza kwenye dawa za kulevya?

Kilichonisukuma kuandika ni cha mwezi uliopita. Mke wangu alimwambia azime televisheni akaoshe vyombo. Akarusha kigoda. Kilipita karibu na kichwa cha yule mdogo kikagonga ukuta. Mke wangu amesema ama aondoke huyu, ama yeye ataondoka na wanawe. Mkuu wa shule naye ameniita: nimhamishe kabla ya Januari, la sivyo bodi itamfukuza. Rafiki yangu amenitajia shule ya bweni ya wavulana huko Nyanda za Juu, inasifika kwa nidhamu. Wanaamka saa kumi na nusu, simu marufuku, na wanapokea watoto walioshindikana, "wanawanyoosha". Wanataka nusu ya ada kabla Novemba haijaisha. Fundi pikipiki naye anasema nimwachie yeye, atanitolea fundi.

Kaka ndiye aliyenisomesha. Nikimpeleka mwanawe huko, nimemtupa? Nikibaki naye, nimpoteze mke? Na kama kweli ni ugonjwa, mgonjwa anaadhibiwaje?

Baba Mdogo, Morogoro

JIBU

Baba Mdogo, pole sana, na asante kwa kuandika kwa urefu namna hii. Wengi huniandikia mistari mitatu wakitaka dawa ya mtoto mtukutu. Wewe umenipa mambo ya kushika. Nikikusoma vizuri, unadaiwa na watu watatu kwa wakati mmoja: marehemu kaka yako, mkeo na mabinti, na kijana mwenyewe. Kila ukimlipa mmoja, wawili wanabaki wanakudai. Na swali uliloliweka mwisho kabisa ndilo lililobeba barua nzima: mtoto anayejua kosa, akalitaja na adhabu yake, kisha akalitenda palepale, ni mkaidi au mgonjwa?

Kabla sijafika huko, tuzungumze kigoda. Mkeo hajakosea kuogopa, na sitaki asome jibu hili akaona naye anaambiwa avumilie. Hata kama kijana hakukusudia kumpiga mtoto, kichwa cha mtoto wa miaka mitatu hakijui nia. Kwa hiyo mkubaliane leo hii, wewe na mkeo, na kijana aambiwe akiwa ametulia: akianza kupandisha, hakuna wa kumziba mlango wala kumjibu. Mama anachukua watoto anatoka kwa jirani mliyemwambia mapema, wewe unapigiwa simu. Mazungumzo ni kesho yake. Akitishia kuua au kujidhuru, hilo ni la hospitali usiku huohuo. Ipo pia Simu ya Mtoto, namba 116, haina malipo, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu. Hao si wa kesi za polisi peke yake.

Sasa turudi kwenye LUKU, maana pale umeona jambo ambalo wataalamu hulitafuta kwa vipimo. Unasema binti wa miaka saba aliziingiza namba zote, halafu unaongeza, kama kitu kidogo, kwamba ulikuwa pembeni unamsomea. Basi namba ulizishika wewe, Baba Mdogo. Binti alibakiwa na kazi ya kubonyeza. Kijana alitakiwa asome, azishike kichwani, ahamishe macho, abonyeze, akumbuke ameishia wapi, na mita ikikataa azuie hasira aanze upya. Zote hizo ni kazi za ule uwezo wa kujisimamia aliokutajia daktari: kushika jambo kichwani unapolitumia, kujizuia, kubadili mwelekeo, kupanga hatua. Wewe unauza vifaa vya ujenzi, unajua saiti ambayo mafundi wapo, saruji ipo, nondo zipo, ila msimamizi anafika saa sita. Mwanao hana upungufu wa akili, na wala hujaniambia kwamba hana roho nzuri. Msimamizi wake anachelewa.

Kuchelewa huko kumewahi kupimwa. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Philip Shaw walichapisha matokeo ya kupiga picha ubongo wa watoto 223 wenye ADHD na wengine idadi hiyohiyo wasio nayo. Waliangalia umri ambao tabaka la juu la ubongo hufikia kilele cha unene. Kwa wasio na tatizo ilikuwa kama miaka 7.5; kwa wenye ADHD kama 10.5, na pengo lilikuwa kubwa zaidi sehemu za mbele, zinazohusika na kupanga na kujizuia. Huo ni wastani wa kundi, haumpimi mwanao. Lakini ukijaribu kumwona, kwa mambo ya kupanga na kukumbuka tu, kama mtoto wa miaka 12 mwenye mwili wa miaka 15, pengine baadhi ya hasira zako zitapoa. Zake pia.

Nisiseme kupita kiasi, hata hivyo. Uchambuzi wa mwaka 2005 uliokusanya tafiti 83 ulionyesha kwamba vipimo vya uwezo huu haviwakamati watoto wote wenye ADHD. Wapo wanaovipita vizuri. Kwa hiyo usije ukachukua maneno haya ukayafanya maelezo ya kila kitu anachofanya. Kuna siku atakuwa amesahau kweli, na kuna siku atakuwa anakuchezea, kama kijana yeyote wa umri wake. Kazi ya mlezi ni kutofautisha, na hakuna anayepatia kila siku.

Hapo nikuulize kuhusu huu usemi wako, "akitaka anaweza". Una uhakika kinachokosekana ni kutaka? Itazame ile kabureta. Kila kipande kimelala mbele yake kwenye kitambaa, kwa mpangilio aliokitolea, hivyo hana haja ya kukishika kichwani. Akikosea kukaza, injini inamjibu palepale. Na fundi yuko hapohapo ubavuni. Kazi ya shule ya Alhamisi inayokusanywa Jumatatu haina hata kimoja kati ya hivyo. Mimi sioni kabureta kuwa ushahidi wa ukaidi. Naona inakuonyesha mazingira ambayo kichwa chake hufanya kazi.

La pesa ni gumu zaidi, kwa sababu pale kuna mtu aliyeibiwa. Tatizo la mwenendo halipimwi kwa kusahau. Hupimwa kwa kuvunja haki za wengine, kama kupiga, kuharibu mali, kuiba, kutoroka, tena kwa kurudiarudia ndani ya mwaka. Watafiti wamewakalisha vijana wa namna hii kwenye michezo ambayo mwanzoni inalipa, kisha hasara inaanza kuzidi faida. Wengine huacha, wao huendelea kucheza, huku wakipoteza. Zawadi iliyo mbele inawavuta kwa nguvu, na adhabu ya baadaye inawafikia kwa sauti ndogo mno. Sasa rudi dukani. Droo iko wazi, wewe uko nyuma kwenye nondo, wenzake wanasubiri nje. Zile sheria anazokutajia neno kwa neno anazitaja sebuleni, moyo umetulia, hakuna kinachomvuta. "Hata mimi sijui kwa nini" huenda ndiyo kauli ya kweli kuliko zote ulizowahi kuzisikia kwake, na nilitamani ungemuuliza zaidi siku ile: ulianza kuiona droo saa ngapi, nani alikuwa nje, ungeweza kuondoka wakati gani?

Basi mgonjwa anaadhibiwaje? Swali lako lina dhana ndani yake, kwamba njia ni mbili: ama achapwe kama mzima, ama aachwe kama mgonjwa. Kati ya hizo kuna uwajibikaji. Pesa zirudi, hata kwa kupanga mabati Jumamosi na kukatwa kidogo kidogo kwenye daftari analoliona. Droo ifungwe kwa ufunguo, na umwambie bila kejeli kwamba unaifunga ili kumsaidia. Kiboko kinachokuja siku ya tatu, baada ya hasira za watu wazima wawili, kinamkuta mtu mwingine kabisa. Yule wa kwenye droo alishaondoka. Jambo dogo, la hakika, la palepale, humfikia zaidi. Na sifa pia zije palepale: amerudi na vitu vitatu, aambiwe amerudi na vitu vitatu. Kuhusu ile siku aliyorudi hawezi kukaa, kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, na achape mkuu wa shule au aliyemkabidhi kwa maandishi. Una haki ya kwenda kuuliza.

Daktari hakukuuliza kuhusu degedege kwa udadisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia watoto wa Kampala waliopata malaria iliyopanda kichwani. Miaka miwili baada ya kupona, mmoja kati ya wanne bado alikuwa na upungufu kwenye vipimo vya akili, hasa umakini. Haimaanishi ndicho kilichomkuta mwanao. Kuna pia msiba wa baba akiwa na miaka tisa, na mama aliyeondoka. Huzuni ya mtoto hufanana sana na utukutu, maana huwa haikai kitini. Kwa haya yote kuna shahidi mmoja ambaye sijaona ukimuuliza, naye yuko Tunduma. Alikuwaje mtoto huyu kabla ya malaria? Kabla ya msiba? ADHD lazima dalili zake ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, na katika sehemu zaidi ya moja. Kupigana na kuchukua vitu nako, tofauti ni kubwa kama kulianza kabla ya miaka 10 au baada. Huko Dunedin, New Zealand, walifuatiliwa watoto 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973 hadi utu uzima, na mtafiti Terrie Moffitt akaonyesha kwamba wengi wanaoanza fujo wakiwa vijana huziacha, ila wanaoanza wadogo, wakiwa na shida za umakini, wako kwenye hatari ya kuendelea nazo. Jibu la mama yake linaweza kukutuliza au kukutisha. Vyovyote vile, daktari atalihitaji.

Ya shangazi zake sitaingia kwa undani. Kuombewa hakumzuii mtu kwenda kliniki. Ninachoomba ni kwamba asipelekwe tena mahali watakapomfunga, kumnyima chakula au kumpiga, kwa jina lolote lile.

Tuje kwenye njia ulizonazo.

Dawa. Woga wako naulewa, na mfamasia hakukudanganya, inadhibitiwa. Lakini dawa za jamii hii zina historia ndefu. Mwaka 1937 Charles Bradley, daktari wa Providence huko Marekani, aliwapa watoto 30 dawa ya jamii hiyo, na karibu nusu yao wakabadilika sana darasani. Tafiti zilizowafuatilia watoto waliotibiwa kwa dawa hizi hazijaona kwamba zinawaongezea uraibu baadaye. Hasara zipo: hamu ya kula hupungua, usingizi unaweza kukimbia, na mapigo ya moyo, presha na uzito lazima vipimwe. Pia Shirika la Afya Duniani lilikataa mara mbili, mwaka 2019 na 2021, kuiingiza methilifenideti kwenye orodha yake ya dawa muhimu, likiona ushahidi wa faida na madhara haujatosha. Wewe una jambo jingine la kwako: kijana mwenye marafiki wa chipsi na soda anaweza kuziuza. Zikae kwako, chini ya kufuli, ameze ukimwona. Na usizitarajie kufanya zisichoweza. Zinaweza kumpa sekunde ya kufikiri kabla ya kurusha kigoda. Hazimchagulii marafiki, wala hazimwelezi kwa nini baba yake hayupo. Ungemuuliza daktari kuhusu bei na mbadala kabla ya kuikata kabisa? Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili, na Dodoma iko Mirembe, kama ungependa maoni ya pili.

Bweni. Hapa nitakushangaza kidogo, kwa sababu naona faida ambayo pengine hukuitegemea. Kengele, ratiba, kitanda kinachotandikwa saa ileile, muda maalumu wa kujisomea: hivyo vyote ni msimamizi wa nje, na kijana wako anamhitaji. Mkeo atapumua. Lakini neno lako "walioshindikana" limenishtua kuliko saa kumi na nusu. Mwaka 1939, karibu na Boston, ulianza mradi wa kuwasaidia wavulana waliohofiwa kuharibika; walipewa walezi, masomo ya ziada, wakapelekwa kambi za kiangazi. Mtafiti Joan McCord aliwatafuta miaka 30 baadaye, na mwaka 1978 akachapisha kwamba waliosaidiwa hawakuwa bora kuliko wenzao walioachwa, na kwa mambo kadhaa walikuwa wabaya zaidi. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba walioathirika hasa ni waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja, wakikaa na wenzao wa aina ileile. Vijana wenye matatizo wakikusanywa pamoja hufundishana, tena kwa kucheka. Kwa hiyo swali langu kwa shule hiyo si kali kiasi gani, ni nani atalala kitanda cha jirani.

Waulize pia mtoto akikosea nini hufuata, na ndani ya muda gani. Nani atampa dawa, kama mtaamua atumie. Kama kuna mwalimu wa malezi mwenye muda wa kukaa naye. Na likizo je? Watakurudishia kijana Juni, kwenye nyumba ileile, droo ileile. Je, nyumba itakuwa imebadilika?

Fundi pikipiki. Nakiri njia hii inanivutia, ndiyo maana naiogopa. Pale anafaulu, na mtoto ambaye kila siku anaitwa mkosaji anahitaji sana mahali anapofaulu. Lakini akiacha shule kidato cha pili, milango mingi inajifunga, na ufundi wenyewe siku hizi unataka cheti. Halafu pikipiki. Vijana wenye haraka ya namna hii huumia barabarani kuliko wenzao, na hakuna fundi asiyejaribu chombo baada ya kukitengeneza. Inawezekana karakana ikawa ya jioni mbili za wiki na Jumamosi nusu siku, baada ya shule, kwa masharti ambayo fundi mwenyewe atayasimamia: hapandi bila kofia, na hatoki nje ya mtaa. Chuo cha VETA kinaweza kuja baadaye.

Kubaki naye ndiyo njia uliyoieleza kwa uchovu mkubwa zaidi. Itakuwa nafuu tu ikiwa nyumba itabadilika, kwa vitu vidogo vinavyochosha kuvikumbuka. Agizo moja kwa wakati, ukiwa umemsogelea, si kwa kupiga kelele kutoka chumbani. Vitu vya dukani aandike kwenye karatasi, aishike mkononi. Namba za LUKU zigawanywe nne nne kwa mstari, afunike kwa kidole alizomaliza. Televisheni isizimwe ghafla. Aambiwe imebaki dakika kumi, kisha tano. Shuleni omba akae mbele, na omba mkuu wa shule akupe masharti kwa maandishi: nini kikifanyika hadi Desemba kitamfanya abaki? Mkuu aliyechoka anaweza kukataa. Asipokataa, utakuwa umepata miezi ya kupumua. Ila kazi hii ikimwangukia mkeo peke yake kwa kuwa wewe uko dukani, atakimbia, na hakuna wa kumlaumu.

Ndiyo maana nadhani kabla hujalipa ada yoyote, mkeo aulizwe swali tofauti na lile alilolijibu kwa hasira. Usimuulize kama kijana aondoke. Muulize ni nini kikibadilika ndani ya nyumba yeye angelala usingizi. Anaweza kusema hakuna, aondoke tu. Akisema hivyo naye ana haki yake, na hapo bweni nzuri, iliyochaguliwa kwa macho, au ndugu mwingine wa karibu, si kumtupa mtoto wa kaka yako. Aliyekusomesha alikupeleka shule. Hakukubeba mgongoni kila siku.

Halafu kijana. Wote mna maoni juu yake, hadi mama mkwe, ila katika barua nzima nimesikia sentensi yake moja tu. Nenda naye mkaione hiyo shule kabla ya kulipa, mle njiani, umsikilize akiwa garini ambako si lazima mtazamane. Wakikataa asiione kabla ya ada, utakuwa umejua kitu kuhusu wao. Tarehe ya Novemba ni yao; waombe wiki mbili, shule nyingi hukubali.

Mpigie mama yake wiki hii, si lazima usubiri sikukuu. Kisha niandikie alichokumbuka, tuendelee kutoka hapo.

Mshauri wako